Vizibo, Mchanga na Mdako: Hesabu na Kusoma katika Darasa la Awali

Mtoto anayetaja namba kuanzia moja hadi ishirini bila kusita huwafurahisha sana wazazi wake, na mara nyingi huletwa shuleni kwa sifa hiyo: "Mwalimu, huyu hesabu anazijua." Nikimwekea vizibo saba na kumwomba avihesabu, huanza kwa kasi, kidole kikiruka kizibo kimoja na kugusa kingine mara mbili, akafika tisa au kumi, nikimuuliza, "Kwa hiyo vizibo ni vingapi?", huanza tena kutoka moja. Mtoto huyo amekariri mfuatano wa maneno, na mfuatano huo ni akiba nzuri, lakini wingi wa vitu bado haujakaa akilini mwake. Sehemu kubwa ya kazi yangu katika mwaka wa darasa la awali ni kuviunganisha viwili hivyo, na sijaona njia inayoifanya kazi hiyo vizuri kuliko mchezo wa vitu vinavyoshikika, ulioandaliwa na mtu mzima anayejua anatafuta nini ndani yake.

Nayasisitiza maneno hayo ya mwisho kwa sababu siku hizi kauli ya kwamba watoto hujifunza kwa kucheza imezoeleka, na wapo wanaoielewa kuwa inatosha kumwaga vifaa sakafuni kisha mwalimu akaendelea na kazi nyingine. Vizibo peke yake havimfundishi mtu. Mtoto anaweza kuvichezea asubuhi nzima, akavirusha, akavipanga na kuvipangua, asiambulie hesabu yoyote. Na mwingine akapata jambo kubwa kwa dakika tano kwa sababu mwalimu alikaa naye mkekani na kumuuliza swali moja kwa wakati wake.

Nafundisha Ilemela, jijini Mwanza, mwendo mfupi kutoka Ziwa Victoria, mahali ambapo kaya nyingi zinaishi kwa samaki. Wapo wazazi wanaoanika dagaa, wanaouza sato na sangara, wanaoshona nyavu, na wanaopeleka mizigo sokoni Mwaloni, Kirumba. Watoto huja darasani na Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kiswahili cha mtaani, na huja na maarifa mengi ambayo mtihani wa karatasi hauyaoni. Mtoto wa miaka mitano wa huku anajua kutenga dagaa na furu, anajua fungu lipi limepunjwa, na anajua kwamba kopo lililojazwa hadi kutengeneza kichuguu si sawa na kopo lililosawazishwa kwa kiganja. Hayo yote ni hisabati, na mimi huanzia hapo.

Mwaka 1978 watafiti wawili waliofanya kazi Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza kanuni ambazo mtoto hana budi kuzishika ili tuseme anahesabu kweli. Ninazozitazama kila siku ni tatu: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zitajwe kwa mpangilio uleule kila mara, na namba ya mwisho kutajwa iwe ndiyo jibu la "vingapi". Kanuni ya kwanza hufundishwa kwa mkono kabla ya mdomo. Nachora mstari wa chaki sakafuni, vizibo vyote vinakaa upande mmoja, na mtoto anakisukuma kizibo kimoja kuvuka mstari kila anapotaja namba. Kilichokwisha kuvuka hakiguswi tena. Kosa la kuruka au kurudia, ambalo kidole kinachopepea hewani hulificha, hapa linaonekana waziwazi, na mara nyingi mtoto mwenyewe hulisahihisha kabla sijafungua kinywa.

Kanuni ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mchezo ninaoutegemea ni mwepisi: mtoto akimaliza kuhesabu, nafunika vizibo kwa sahani na kumuuliza vipo vingapi chini yake. Kwa kuwa havioni, hawezi kuanza upya, kwa hiyo hulazimika kuirudia akilini namba ya mwisho aliyoitaja. Siku anapojibu "vitano" bila kuinua sahani, najua mlango umefunguka. Baadaye naingiza mkono, nachomoa kimoja huku akitazama, na kumuuliza vimebaki vingapi. Hiyo ni kutoa, na mtoto huifanya miezi mingi kabla hajaiona alama ya kutoa ubaoni.

Ipo hatua nyingine ambayo wazazi hushangaa wakiiona. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget (1896–1980) alionyesha kwamba mtoto mdogo akiwekewa safu mbili za vitu zenye idadi sawa hukubali kuwa zinalingana, lakini safu moja ikitanuliwa mbele ya macho yake husema kuwa ile ndefu ina vingi zaidi. Jaribio hilo hufanyika kirahisi kwa vizibo na kokoto, na watoto wengi wa miaka minne au mitano hujibu hivyohivyo. Simwambii mtoto kwamba amekosea, kwa sababu macho yake yanamwambia ukweli kuhusu urefu. Namwomba akipatie kila kizibo kokoto yake, kama mtu anayegawa vijiko kwa wageni, kisha anitafutie kizibo kilichokosa mwenzake. Akikosa kukipata, hunyamaza kidogo, na ukimya huo nauheshimu. Siukatishi kwa maelezo.

Kwa namba zinazozidi kumi, kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni trei ya mayai ya maboksi. Trei ya kawaida ina mashimo 30, safu sita za mashimo matano, nayo ukiikata mara mbili unapata vipande vitatu vyenye mashimo kumikumi. Mtoto anajaza kipande kimoja kwa kokoto mpaka kinajaa, kisha anaendelea kwenye cha pili. Kumi na tatu inakuwa kipande kilichojaa na kokoto tatu pembeni, yaani jina la namba na picha iliyo mbele yake vinasema jambo lilelile. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa kila jina linajieleza lenyewe. Kwa upande mwingine kinamdai mtoto jambo ambalo mwalimu asilisahau: anayehesabu "moja, mbili, tatu" anapaswa pia kusema vizibo viwili, mawe mawili, dagaa wawili, huku sita, saba, tisa na kumi zikibaki vilevile kwa kila kitu. Mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani anaweza kusitasita hapo, na mwalimu mwenye haraka akadhani ni hesabu iliyomshinda. Ndiyo maana nabadilisha vitu vya kuhesabia mara kwa mara, leo vizibo, kesho mawe, keshokutwa wenzake waliosimama mstarini.

Kuna mchezo ambao sikuuleta mimi wala mtaala, nao ni mdako. Watoto wanachimba kishimo na kukijaza kokoto. Mchezaji anarusha jiwe juu, na kabla halijashuka anazizoa kokoto kutoka shimoni, kisha analidaka. Akirusha tena anazirudisha zote isipokuwa moja, ambayo ni yake. Shimo likiisha wanahamia mbilimbili, halafu tatutatu. Mwalimu anayeutazama mdako kwa makini ataona ndani yake kuhesabu kwa mafungu, mabaki, na ukadiriaji wa haraka wa idadi ndogo kwa jicho tu, ambao watafiti wanasema binadamu hufanya bila kuhesabu kwa vitu vitatu au vinne hivi. Watoto wa miaka mitano wengi hawawezi bado kudaka na kuzoa kwa pamoja, kwa hiyo nawakalisha wawiliwawili, mmoja arushe na kudaka, mwingine azoe na kurudisha. Kazi yangu ni kuuliza kabla ya mchezo: "Shimoni mna kokoto kumi na moja. Mkichukua mbilimbili, mnafikiri itabaki ngapi mwishoni?" Wanabishana, wanacheza, wanapata jibu. Naamini kwa dhati kwamba ubishi huo wa dakika chache una thamani kuliko ukurasa mzima wa kujaza namba.

Soko la kuigiza nalo lina nafasi yake kila wiki. Tuna makopo, sado moja, ndoo ndogo, mchanga uliochekechwa unaosimama mahali pa dagaa, na sarafu tulizokata kwa kadibodi za shilingi 50, 100, 200 na 500. Swali la makopo mangapi yanajaza sado moja huwashughulisha kwa muda mrefu, hasa wanapogundua kwamba jibu hubadilika kulingana na jinsi anayepima anavyojaza kopo. Siku moja mtoto aliyekuwa muuzaji alifunga soko na kuwaambia wateja warudi kesho kwa sababu mwezi umetoka. Watu wa ziwani wanaelewa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa haziwavuti tena. Tuliacha makopo, tukaanza kuzungumza juu ya usiku wenye mwezi na usiku wenye giza, na kuupanga mfuatano wa mwezi mchanga hadi mwezi mpevu kwa vipande vya karatasi. Kipindi hicho hakikuwamo katika andalio langu la somo, lakini kupanga mfuatano kumo katika mambo ninayopaswa kufundisha, na mtoto yule alikuwa amenifungulia njia.

Upande wa kusoma, wazazi wengi huniuliza kwa nini watoto wao hawajaanza "a, e, i, o, u" daftarini katika majuma ya mwanzo. Jibu langu ni kwamba herufi ni alama ya sauti, na mtoto ambaye sikio lake halijaanza kuzitenga sauti ataikariri alama kama mchoro tu. Tunaanza kwa kupiga makofi: sa-to, makofi mawili, sa-nga-ra, matatu, da-ga-a, matatu, na hapo huzuka mjadala mzuri kwa sababu wengi hupiga mawili mwanzoni. Kila mtoto hupiga jina lake. Neno "mtoto" linawapa kazi, kwa kuwa ile m ya mwanzo inasimama peke yake na kustahili kofi lake, ilhali katika "mwalimu" inaungana na sauti zinazoifuata. Silabi za Kiswahili zinasikika wazi na karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo mtoto aliyezoea kulikata neno kwa makofi huingia katika ba, be, bi, bo, bu akiwa tayari anajua kwamba maneno yana vipande.

Baada ya silabi tunakwenda kwenye sauti ya kwanza. Nina kikapu ambacho kila juma kina vitu vinavyoanza kwa sauti moja: kijiko, kikombe, kamba, kizibo, kitambaa, pamoja na kitu kimoja kisichostahili kuwamo, ambacho mtoto anapaswa kukitoa na kueleza sababu. Natumia sauti ya herufi na si jina lake, maana mtoto anayeita herufi "ka" atapata taabu anapoikuta mbele ya i au u. Kwa watoto wanaozungumza Kisukuma nyumbani, r na l huchanganyika, kwa kuwa lugha yao haina r. Hilo si kosa la kumcheka mtoto, wala halihitaji fimbo. Tunacheza kwa jozi za picha, kalamu hapa karamu pale, ulimi ukitetema kwa r na kutulia kwa l, na kila atakayesikia tofauti anainua jiwe. Sikio hutangulia, ulimi hufuata kwa wakati wake.

Kuandika tunaanza kwenye mchanga. Daktari wa Italia Maria Montessori, aliyefungua Nyumba ya Watoto yake ya kwanza katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa ili kidole kipite juu yake wakati sauti inatamkwa. Msasa unauzwa, lakini mchanga wa ziwa hauna bei. Nachora herufi kwenye kadibodi kwa gundi ya uji mzito wa muhogo, namwagia mchanga mkavu, naiacha juani, na herufi iko tayari. Mtoto anaipitisha kidole mara kadhaa akitamka sauti, kisha anaiandika kwenye sinia la mchanga wenye unyevunyevu, ambako kosa hufutwa kwa kiganja na hakuna alama nyekundu inayobaki. Mkono wenyewe unahitaji kuandaliwa pia: kufinyanga udongo, kuchambua kunde na maharage, kutunga shanga na kufunga vifungo huvipa vidole nguvu ambayo penseli itaidai baadaye. Mtoto anayeishika penseli kwa ngumi mara nyingi anahitaji udongo zaidi kabla ya kuongezewa mistari ya kuandika.

Walimu wenzangu wakisoma haya watauliza, na wana haki, yanawezekanaje katika darasa lililojaa. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila anayefundisha awali katika shule za umma anajua umbali uliopo kati ya kiwango hicho na hali halisi, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016. Ninachofanya ni kugawa darasa katika vikundi vinavyozunguka: kimoja mchangani, kimoja sokoni, kimoja kwenye udongo, kimoja nje na mdako, na kimoja mkekani pamoja nami. Vikundi vile vinne hufanya mchezo walioujua tayari, usiohitaji maelekezo mapya, na mimi napata dakika kumi na watoto wachache ambao kwa siku hiyo nitawasikiliza kweli. Masika vikundi vyote hubanana ndani na kelele huongezeka, naipokea.

Usalama nausimamia kwa ukali. Vizibo vya chuma vya soda vina kingo zinazokata, hivyo napendelea vya plastiki vya chupa za maji. Shanga, mbegu na kokoto ndogo haziwekwi karibu na mtoto mwenye umri chini ya miaka mitatu, kwa sababu watoto wa umri huo hupeleka kila kitu mdomoni na wanaweza kukabwa. Maganda ya konokono, ambayo watoto wanayapenda sana kwa kupanga na kulinganisha, nayaokota mimi mwenyewe kwenye mchanga mkavu mbali na maji, nikayachemsha na kuyaanika. Siwatumi watoto ziwani kuyatafuta hata mara moja. Kichocho kipo katika mwambao wetu. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini, hutoka na kuelea majini, kisha hupenya ngozi ya anayesimama humo. Mtoto aingiaye majini kwa ajili ya kifaa cha kufundishia anaweza kurudi na ugonjwa, na hilo halifai kwa hesabu yoyote.

Linabaki suala la wazazi, ambalo kwangu ni zito kuliko vifaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, lakini sera haiwezi kumweleza mama aliyeamka alfajiri kuuza samaki kwa nini mwanawe anarudi na udongo kwenye kucha na daftari tupu. Anayo haki ya kuuliza. Anailipa sare, anakosa msaada wa mikono ya mtoto nyumbani, na akimwona wa jirani, anayesoma shule ya kulipia, amejaza kurasa, anaogopa kwamba wake anaachwa nyuma. Simpi hotuba. Namkaribisha akae mkekani na nusu saa hiyo amhesabishe mtoto wake mwenyewe chini ya sahani, ajionee anaposhindwa na anapoweza. Wengi huondoka na mchezo wa kufanya jioni: kupanga sahani kulingana na watu waliopo, kutenga maharage mabovu na kuhesabu kumikumi, kumtuma mtoto alete nyanya tatu kubwa na mbili ndogo. Baba mmoja alianza kumpa binti yake kazi ya kuhesabu maboya ya wavu wakati anaurekebisha, na Jumatatu binti yule alikuja kuniuliza inaitwaje namba inayofuata baada ya tisini na tisa.

Mahali pa kurasa zilizojaa alama za vema, kila mtoto ana ukurasa wake katika daftari langu, ninakoandika nilichokiona mkekani kwa maneno ya kawaida: anahesabu kwa kusogeza mpaka saba, akifika nane anaruka, anajibu chini ya sahani kwa vitano tu, anatenga sauti ya kwanza ya jina lake na ya mama yake, r bado, penseli ameanza kuishika kwa vidole vitatu. Mzazi akija namsomea ukurasa wake. Mwezi Januari mwalimu wa darasa la kwanza analipokea daftari lote, na kabla hajatoa kitabu kwa yeyote anajua ni watoto gani aanze nao kwa vizibo na ni gani wako tayari kwa kalamu.